Masikio ya Rigoberto

Nilizaliwa na masikio ya baba yangu, na kwa kosa hilo nikahukumiwa wiki ya kwanza ya maisha yangu, hata kitovu hakijakauka.

Hakimu alikuwa shangazi Eneida, dada mkubwa wa baba. Katika ukoo wetu kuna ugonjwa wa kuyumba. Unamngoja mtu awe mtu mzima, ndipo unaanza: miguu inapoteza shabaha, kisha mikono, kisha ulimi, na mwisho anakaa kwenye kiti, akili yake timamu, mwili haumsikii tena. Hapa Holguín, mashariki ya Kuba, koo zenye ugonjwa huu ni nyingi. Hatushangai kumwona mtu anavuka barabara kama mlevi asubuhi na mapema, na ukimsogelea ananuka dawa ya meno. Bibi mzaa baba aliyumba. Baba yangu, Rigoberto, akayumba. Shangazi Eneida hakuyumba, na kwa kuwa yeye alinusurika, akajipa kazi ya kutuambia nani mwingine atanusurika.

Kwetu mashariki, mwanamke akishika mimba, mama yake huloweka matunda ndani ya damajani, ile chupa kubwa ya kioo yenye tumbo: nanasi, papai, plamu, zabibu kavu, sukari nyingi na pombe kali. Kinywaji hicho, alinyado, kinakaa kimya pembeni mpaka mtoto azaliwe, kisha kila anayekuja kumwona mtoto anamiminiwa kikombe. Nyumba nyingine wageni hunywa, hupongeza, huenda zao. Kwetu walishika vikombe tu, wakijifanya wanazungumzia mvua, mpaka shangazi afike, ainamie kitanda na kumkagua mtoto. Akisema "huyu kapita," watu hunywa na kupiga kelele. Akisema "huyu wa kwetu," mama mtu huanza kulia palepale.

Kanuni yake ilikuwa nyepesi: anayefanana na mgonjwa, ataugua. Bibi alikuwa na masikio mapana yaliyochomoza pembeni kama vishikio vya sufuria, na baba hivyo hivyo. Shangazi ana masikio madogo, yamelala kichwani kwa adabu. Kaka yangu Yordenis alipozaliwa alikuwa mama yetu mtupu, tangu nywele hadi kucha. Akapita. Kisha nikaja mimi, Maidolis, na vishikio vyangu.

"Huyu wa kwetu," alisema shangazi, akamaliza kikombe chake. Mama amenisimulia tukio hilo mara nyingi, na kila mara anasema alitamani kumwagia shangazi damajani zima kichwani.

Sikuteswa, nisiseme uongo. Nilipendwa sana, kwa namna ile mgonjwa anavyopendwa. Yordenis alipewa baiskeli, mimi nikapewa mwanasesere. Watoto wa mtaa walitembea juu ya reli ya zamani ya treni ya miwa, mikono wameitanua, na mimi nikiambiwa nikae nihesabu nani kaanguka. Hakuna aliyetaka kuniona nikianguka. Nikakua nikijua kitu kimoja bila kukiuliza: mimi nitakuwa kama baba. Nikawa msusi, nikafungua saluni barazani kwetu, na nywele zangu mwenyewe nikazifuga ndefu, zikafunika masikio. Wateja walizisifu na mimi nikawaacha wasifu.

Osnel aliponiposa nilimpa sharti moja. Yeye ni fundi wa mafeni, mtu mpole, ana subira ya kukaa na feni mbovu kutwa nzima akiibembeleza.

"Sizai," nilimwambia. "Tusije tukagombana baadaye. Siwezi kumpa mtoto kitu hiki. Ukitaka watoto, wasichana wamejaa mtaani."

"Nakutaka wewe," alisema.

"Hilo si jibu."

"Haya. Hatuzai."

Alikubali kwa mdomo. Macho yake niliyaona kila tulipotembelewa na watoto wawili wa kike wa Yordenis, akiwatengenezea vifeni vya makopo. Na mama yangu, Zoraida, hakukubali hata kwa mdomo. Wiki ya harusi yetu aliloweka alinyado bila kuulizwa na mtu, akaliweka lile damajani kwenye kona ya sebule yangu.

"Mama, sina mimba na sitashika mimba."

"Nani kasema mimba? Nimeloweka matunda yasioze."

Nikalifunika kwa kitambaa. Miaka ikapita, kitambaa kikafuliwa kikarudishwa, na baba kila akija kucheza domino na Osnel alikuwa akilipungia mkono ule unaotetemeka. "Hicho kinywaji kitakuwa na mvi sasa," alisema. Maneno yake yalikuwa yanatoka polepole, moja baada ya jingine, lakini utani haukuyumba hata siku moja. Osnel alikuwa amemchongea kibao chenye mfereji mrefu cha kushikilia vipande vya domino visimponyoke, na bado baba alikuwa akitufunga sote.

Basi siku moja namkata nywele Bi Hortensia, jirani yetu, mguu wangu ukakwama, nikapepesuka, mkasi ukanitoka ukaangukia sakafu karibu na vidole vyake. Bi Hortensia hakupiga kelele. Alinigeukia kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza.

"Imeanza, mwanangu?"

Nilimwambia akae atulie nimalize upande wa pili. Nilimaliza, sijui kwa mikono ya nani. Alipoondoka nikaingia ndani nikakaa sakafuni kando ya damajani la mama. Osnel akanikuta pale.

"Ni waya wa feni," alisema baada ya kuisikia habari yote. "Nimeuacha mwenyewe pale barazani. Umejikwaa. Hata mimi nimejikwaa asubuhi."

"Wewe huna masikio haya."

"Maidolis, mama, unajisikia unavyosema?"

"Nasikia. Ninayo ya kutosha."

Hapo akakasirika, na Osnel hukasirika mara chache mno. Alisema amechoka kuishi na hukumu ya shangazi Eneida kitandani kwetu. Alisema mjini kuna kituo, wanapima damu, kila mtu katika mkoa huu anajua, na mimi peke yangu nimekaa na jibu la mwanamke mmoja na kikombe cha alinyado. Nami nikamjibu kwamba yeye anataka tu mtoto. "Ndiyo, nataka," akasema. "Lakini kwanza nataka ulale usingizi."

Tukaenda. Sikujua kwamba hawachukui damu yako na kukupa jibu siku hiyo hiyo kama mtu anayenunua mkate. Kwanza unakaa na mwanasaikolojia, unaongea, unarudi nyumbani ukafikiri, unakuja tena. Wangu aliitwa daktari Anaisa, binti mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya chini.

"Unadhani una ugonjwa?" aliniuliza.

"Sidhani. Najua."

"Nani kakwambia?"

Nikanyanyua nywele, nikamwonyesha.

Aliyatazama masikio yangu kwa heshima zote. Halafu akaniambia kwamba kila mtoto wa mgonjwa, kila mmoja, anarushiwa sarafu yake. Upande huu au upande ule. Sarafu haiangalii sura, haiangalii ya kaka yako iliangukia wapi. "Masikio yako umeyapata kwa baba, hilo halina ubishi," alisema. "Lakini masikio na ugonjwa havitembei pamoja. Kimoja kinaweza kuja bila kingine." Nilimtazama nikitafuta mahali pa kumbishia, sikupaona. Miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kuniambia jambo dogo hivyo.

"Tuseme unao," aliendelea. "Utataka mtoto?"

"Hapana."

Akanieleza kwamba hata mwenye ugonjwa ana njia. Mimba inaweza kupimwa ikiwa bado changa, na wazazi wakaamua wenyewe wanavyotaka. Wengine hupima, wengine hukataa, wengine hawazai kabisa, na yeye hamsukumi mtu. Kisha akauliza, "Na tuseme huna?"

Swali hilo sikuwahi kujiuliza hata nikiwa peke yangu bafuni.

"Nenda ukalifikirie," alisema. "Hatuna haraka."

Nilirudi nyumbani nimevurugika. Kusema kweli niliona aibu, maana chini ya hofu ya ugonjwa niligundua hofu nyingine. Nikisema sitaki mtoto wangu awe kama baba, si ni sawa na kusema heri baba asingezaliwa? Na mimi mwenyewe je? Hilo ndilo lililokuwa limenifunga ulimi, wala si sarafu.

Nikaenda kwa baba. Nilimkuta uani, kwenye kiti chake, amewekewa kahawa kwenye kikombe cha watoto chenye mfuniko, kile cha dubu. Nikaketi kwenye ngazi.

"Baba, nikuulize kitu, na usinifanyie mzaha."

"Umeshaniharibia siku," alisema.

"Kama wangekuuliza kabla hujazaliwa. Wakuambie, Rigoberto, utayumba. Ungekuja?"

Akafikiri. "Kahawa ingekuwepo?"

"Baba!"

"Nauliza kweli. Kahawa ingekuwepo? Zoraida angekuwepo? Na ninyi wawili?"

"Ndiyo."

"Ningekuja mbio." Akanywa kidogo, ikamwagikia kidevuni, nikampangusa, naye akaniachia nipanguse. "Sasa sikiliza, maana siwezi kusema mara mbili, nachoka. Mimi kuja mbio ni mambo yangu. Mtoto wako asiyumbe ili kunifurahisha mimi. Kuna njia ya kumkinga?"

"Wanasema ipo."

"Basi ishike. Utakuwa umeukataa ugonjwa. Mimi hutakuwa umenikataa." Alipumzika, akakusanya maneno. "Mimi na ugonjwa si mtu mmoja, mwanangu. Tunakaa kiti kimoja tu, kwa bahati mbaya."

Nililia. Nililia kwa sauti, nimeweka kichwa magotini kwake, na magoti yenyewe yanatikisika kiasi kwamba kilio changu kilitoka vipande vipande. Baba akacheka. "Umekuwa redio mbovu," akasema, na mimi nikaanza kucheka na makamasi yangu.

Jioni ile Osnel alikuwa anaosha vyombo. Nikasimama mlangoni, nikapiga moyo konde.

"Nataka mtoto," nikasema. "Nasema kabla hawajanipa jibu, nisije nikasema jibu ndilo lililoamua. Nikiwa sina ugonjwa, tunazaa. Nikiwa nao, tunapima mimba mapema, na ikishindikana tumeshindwa, lakini tutakuwa tumejaribu. Sitaki tena kufunika kile kitu pale kwenye kona."

Hakugeuka. Aliendelea kusugua sahani ile ile, akaisugua mpaka nikaona mabega yake yanatikisika, nikamfuata nikamshika kiuno kwa nyuma.

Nikarudi kutoa damu, na siku ya jibu daktari Anaisa alituketisha, akauliza kama bado nataka kujua. Nikasema nataka.

"Huna," alisema.

"Sina nini?"

"Huna ugonjwa, Maidolis. Hautakupata, na mtoto wako hawezi kuurithi kwako."

Osnel alitoa sauti ambayo sijaisikia tena tangu siku hiyo. Mimi nikabaki nimemkodolea macho yule binti, akili imesimama, na neno la kwanza lililonijia likawa la kipuuzi.

"Na masikio?"

"Masikio utabaki nayo," alisema, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akifuta machozi.

Nje jua lilikuwa linawaka. Tulinunua juisi ya miwa kwa mzee mmoja wa pembeni, nikainywa yote bila kupumua, nikaomba nyingine. Halafu nikapanda juu ya ukingo wa barabara, nikatanua mikono kama wale watoto wa relini, nikatembea. Nilianguka mara kadhaa, maana sikuwahi kujifunza. Osnel alikuwa akitembea kando yangu amebeba viatu vyangu, watu wanatuangalia, na mimi sijali. Nilikuwa mwepesi. Sikujua nilikuwa nimebeba kitu kizito kiasi gani mpaka nilipokitua.

Nyumbani mama alipiga magoti katikati ya jiko. Baba alisubiri kelele zipungue, akasema, "Kwa hiyo kiti changu hakina mrithi? Na nilikuwa nakitunza vizuri." Shangazi Eneida alikuwepo pia. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya kumpa, nimeyanoa njia nzima. Lakini alikaa mikono mapajani, mzee kuliko nilivyomzoea.

"Unajua mimi sikuzaa," alisema.

"Najua, shangazi."

"Nilijiambia nimepita. Kila asubuhi nikijitazama kwenye kioo nikijiambia. Na bado sikuthubutu." Akavuta pumzi. "Watu walikuwa wanataka kuambiwa kitu, Maidolis. Chochote. Mimi nikawaambia."

Nilimmiminia kahawa, nikamtilia sukari zaidi ya kawaida yake.

Yordenis ndiye aliyenikumbatia zaidi ya wote, akaninyanyua juu, akazunguka na mimi. Kisha akaniweka chini, akasimama, na nikaona anachokifikiria kabla hajakisema. Kama hukumu yangu ilikuwa ya uongo, na yake je? Akawatazama mabinti zake wawili waliokuwa wakichezea kibao cha domino cha babu yao.

"Siku ukitaka, nitakwenda na wewe," nilimwambia polepole.

"Si leo," alisema.

"Si leo," nikakubali. "Leo tunakula."

Alikula, akacheka, akamfunga baba kwenye domino, au baba alimwachia. Furaha yangu ilikuwa kubwa na ilikuwa na tundu moja dogo. Bado nimeshika ahadi ile, naye anajua.

Binti yetu alizaliwa msimu wa mvua. Tukamwita Noelvis. Mama alilivua damajani kitambaa kama mtu anayezindua sanamu, na kinywaji kilipofunguliwa harufu yake ilijaza nyumba mpaka Bi Hortensia akaja bila kualikwa. Miaka ile yote ya kungoja ilikuwa imekifanya kikali na laini kwa pamoja. Kikombe kimoja tu na Osnel akaanza kuhutubia mafeni.

Kisha shangazi Eneida akaingia, na nyumba nzima ikanyamaza. Hakuna aliyepanga. Ni mazoea tu. Vikombe vikasimama hewani, mama akanishika bega. Hata mimi, niliyeambiwa na daktari kwa mdomo wake, nikasogea karibu na kitanda.

Shangazi aliinamia kitanda. Alikivua kikofia cha mtoto taratibu, na masikio ya Noelvis yakafunguka pande zote mbili, mapana, mekundu, yamechomoza. Masikio ya bibi. Masikio ya Rigoberto. Yangu. Nikaona midomo ya shangazi inaanza kutengeneza neno lile la zamani.

"Eneida," baba alisema kutoka kwenye kiti chake.

Shangazi hakumtazama. Alimwangalia Yordenis aliyesimama mlangoni na mabinti zake, akaniangalia mimi, akamrudia mtoto. Akaweka kidole juu ya sikio lile dogo, akalikunja kidogo, likafyatuka likarudi mahali pake, na mtoto akapiga chafya.

"Masikio tu," alisema shangazi, akanyoosha kikombe kiongezwe.